Mgeni Katika Nyumba ya Elimu: Waislamu wa Bukoba na Muleba Kati ya Chuo cha Dini na Chuo cha Serikali

  

Kila mwaka yanapotoka matokeo ya kidato cha sita, maimamu wa Bukoba na Muleba huulizwa suala moja. Kijana wa Kiislamu amefaulu, au binti amefaulu, na chuo kilichompa nafasi ni cha kanisa. Je, aende? Au aache nafasi hiyo asubiri chuo cha serikali, ambako huenda asipate fani aliyoiomba? Au wazazi wauze shamba la kahawa wampeleke Morogoro au Mbale, akasome chini ya bendera ya Uislamu? Majibu yanayotolewa mara nyingi ni mawili, na yote mawili hutolewa kwa haraka. Wapo wanaosema ni haramu kwa kuwa mwenye chuo si Muislamu. Na wapo wanaosema elimu ni elimu, haina dini, basi aende tu.

Sisi tunaona kwamba majibu haya mawili yana upungufu wa aina moja: yote hayakuitazama historia ya nchi hii, wala hayakurejea katika kipimo walichokiweka maulamaa wetu. Katika makala haya tunakusudia kuyapitia yote mawili, historia kwanza kisha fiqhi. Na tunaposema mgeni, hatukusudii mtu wa kabila au nchi nyingine. Tunakusudia yule anayesoma katika nyumba ambayo imani ya mwenye nyumba si imani yake.

Elimu ilivyoingia Bukoba

Uislamu haukuja Kagera baada ya misheni. Speke alipofika Karagwe kwa Mukama Rumanyika mwaka 1861, wafanyabiashara Waarabu walikuwa tayari na kituo chao Kafuro. Upande wa kaskazini, Uislamu ulikuwa umefika Buganda tangu mwaka 1844, na kutoka huko nako ukateremka kwa njia ya biashara, ndoa, na wakimbizi wa vita vya dini vya miaka ya 1888 na kuendelea. Emin Pasha alipoanzisha kituo cha Wajerumani Bukoba mwaka 1890, alikuta nchi ambayo jina la Uislamu linajulikana.

Lakini Mapadri Weupe walipofika Kashozi mwaka 1892 walikuja na jambo ambalo wafanyabiashara wetu hawakuja nalo, nalo ni mpango wa shule. Muislamu wa wakati ule alikuwa na chuo cha Qur'ani: mwalimu mmoja, ubao, mkeka, na watoto wanaolipiwa kwa kuku au kwa kazi ya shamba. Chuo hicho kilihifadhi dini, na tunamuomba Mwenyezi Mungu awalipe waalimu wale. Lakini hakikuwa na ngazi ya pili. Mtoto akihitimu juzuu zake alirudi nyumbani. Mtoto wa misheni akihitimu alikuwa na pa kwenda: seminari ya Rubya katika Ihangiro, ambayo leo ndiyo wilaya ya Muleba, na kutoka Rubya kwenda Katigondo, Uganda. Laurean Rugambwa, aliyezaliwa Kamachumu mwaka 1912, alipita njia hiyo hiyo. Akawa padri mwaka 1943, akapelekwa Roma kusoma sheria za kanisa, akawa askofu mwaka 1952 na kardinali wa kwanza Mwafrika mwaka 1960. Tunamtaja kwa sababu ni mfano wa kile ambacho ngazi ya elimu isiyokatika inaweza kukifanya kwa mtoto wa kijijini.

Waingereza walipochukua nchi baada ya Vita Kuu ya Kwanza, wakaja na utaratibu wa kutoa ruzuku kwa shule zinazotimiza masharti ya serikali. Shule za misheni zilitimiza. Vyuo vyetu vya Qur'ani havikuhesabiwa kuwa shule. Hivyo fedha za kodi, ambazo Muislamu naye alizilipa, zikawa zinajenga shule ambayo mtoto wake angeingia kama mgeni. Wazee wetu walisimama mbele ya mlango ule wakagawanyika. Wengine walikataa kabisa, wakasema mtoto wao hatasoma kwa padri. Wengine wakapeleka, na wazee wanasimulia habari za watoto walioingia wakiwa na majina ya Hamisi na Zainabu wakatoka na majina mengine. Wachache wakapeleka lakini wakamshika mtoto kwa mkono mwingine, anarudi jioni anakaa mbele ya mwalimu wa Qur'ani.

Tuyapime makundi haya matatu kwa matokeo yao. Kundi la kwanza lilihifadhi dini ya watoto, lakini likaacha kizazi kizima bila karani, bila mwalimu wa shule wala mganga wa hospitali. Kundi la pili lilipata vyeo na likapoteza watoto. Kundi la tatu, pamoja na udogo wake, ndilo lililotoa watu walioweza baadaye kusimama serikalini na msikitini kwa wakati mmoja. Hili ni funzo la kwanza, na tutalirejea.

Jiwe la Chang'ombe

Waislamu wa Afrika Mashariki hawakukaa kimya. Mwaka 1945 iliundwa Jumuiya ya Ustawi wa Waislamu wa Afrika Mashariki, maarufu kwa herufi zake za Kiingereza EAMWS, kwa juhudi za Aga Khan Sultan Mohamed Shah. Ilijenga misikiti na shule katika Tanganyika, Kenya na Uganda. Kwa Waislamu wa Bukoba, ambao Kampala ilikuwa karibu nao kuliko Dar es Salaam, mfano ulioonekana kwa macho ulikuwa kilima cha Kibuli, katika ardhi ya Mwana Mfalme Badru Kakungulu, penye msikiti na shule pamoja.

Baada ya uhuru lengo likapanda. Ikakusudiwa kujenga chuo kikuu cha Kiislamu Dar es Salaam kwa msaada wa Misri, na mwaka 1968 Rais Nyerere akaweka jiwe la msingi Chang'ombe. Lau chuo kile kingejengwa, suala letu la leo lingekuwa na sura nyingine. Lakini mwaka huo huo wa 1968 ukatokea mgogoro ndani ya EAMWS, na ni wajibu wetu sisi watu wa Kagera kukumbuka kwamba ulianzia kwetu. Mwezi wa Oktoba, Mwalimu Adam Nasibu, katibu wa jumuiya hiyo katika Mkoa wa Ziwa Magharibi, kama mkoa wetu ulivyoitwa wakati ule, alitangaza kwamba Bukoba inajitoa. Mikoa mingine ikafuata. Uongozi wa kitaifa wa Tewa Said Tewa ukapinga. Kufikia Desemba ikaundwa BAKWATA, EAMWS ikapigwa marufuku, na mali zake zikakabidhiwa chombo kipya. Chuo kikuu cha Chang'ombe hakikujengwa.

Yameandikwa mengi juu ya nani alikuwa nyuma ya mgogoro ule, na wanahistoria wanaendelea kuujadili. Sisi hapa tunaangalia jambo moja tu, nalo ni hesabu ya miaka. Tangu jiwe la Chang'ombe mwaka 1968 hadi kufunguliwa kwa Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro mwaka 2005, katika majengo yaliyokuwa chuo cha TANESCO ambayo serikali ya Rais Mkapa iliwapa Waislamu, ni miaka 37. Katika miaka hiyo Zanzibar ilipata vyuo vyake viwili mwaka 1998, kile cha Tunguu na kile cha Chukwani. Uganda ilitangulia, kwani mkutano wa nchi za Kiislamu uliofanyika Lahore mwaka 1974 uliamua kujenga vyuo vikuu viwili katika Afrika, kimoja Niger na kimoja Uganda, na kile cha Mbale kikafunguliwa mwaka 1988. Lakini kijana wa Muleba aliyemaliza kidato cha sita mwaka 1975 au 1985 hakuwa na chuo kikuu cha Kiislamu cha kwenda katika nchi yake. Kwake yeye hakukuwa na uchaguzi kati ya chuo cha dini yake na cha wengine. Alikuwa na chuo cha serikali, au shamba la migomba.

Chuo cha serikali nacho kina mwenyewe

Wengi wetu huona kwamba chuo cha serikali ni uwanja mtupu usio na mwenyewe, na kwa hiyo Muislamu hawi mgeni humo. Historia inasema vingine.

Ni kweli kwamba sheria ya elimu ya mwaka 1969, iliyoziweka shule za mashirika ya dini mikononi mwa serikali, ilileta nafuu kubwa. Ihungo iliyokuwa ya Wakatoliki na Kahororo iliyokuwa ya Walutheri zikafunguka kwa mtoto wa Kiislamu bila sharti la katekisimu, na kipindi cha dini kikawa cha kila mtu na dini yake. Hili ni jambo la kushukuru, na katiba ya nchi katika ibara ya 19 inalinda uhuru wa kuabudu.

Lakini Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilichoanza mwaka 1961 kwa kitivo cha sheria, katika miaka ya 1960 mwishoni na 1970 kilikuwa kitovu cha fikra za Kimarksi. Walter Rodney alifundisha pale, na kitabu chake juu ya Ulaya na Afrika kilitoka mwaka 1972. Mwanafunzi wa Kiislamu aliyeingia humo hakukutana na padri. Alikutana na mwalimu hodari, mwenye hoja, na mara nyingi mwenye huruma kwa wanyonge, anayefundisha kwamba dini ni kivuli cha hali ya uchumi. Huyu anaweza kuwa mtihani mzito kuliko padri, kwa sababu padri unajua anakoita, na huyu hasemi kwamba anaita.

Pamoja na hayo, tazama kilichotoka humo. Warsha ya Waandishi wa Kiislamu, iliyoanza katikati ya miaka ya 1970, iliundwa na vijana wengi waliopitia chuo hicho hicho cha serikali. Walikaa kwa Muhammad Hussein Malik, mwalimu kutoka Pakistan, wakasoma dini kwa mpangilio, wakaandika vitabu vya kufundishia kwa Kiswahili, wakahimiza shule za BAKWATA ziwe na sura ya Kiislamu, mpaka mwaka 1982 wakatofautiana na BAKWATA na kutengana nayo. Msomaji anaweza kukubaliana nao au kuwapinga katika mambo fulani. Linalotuhusu ni kwamba chuo kisichokuwa cha dini hakikuwaondolea dini, kwa kuwa hawakuingia mmoja mmoja. Waliingia kama kikundi, wana mwalimu nje ya chuo, na wana kazi ya dini mikononi.

Kipimo cha maulamaa

Tukija katika fiqhi, dalili zinazotumika sana katika suala hili ni lazima zipangwe vizuri. Hadithi mashuhuri ya kutafuta elimu hata China haifai kuwa hoja, kwani Ibn Hibban ameihukumu kuwa batili na Ibnul Jawzi ameiweka miongoni mwa hadithi za kutungwa. Hatuihitaji, kwa sababu zipo zilizo thabiti kuliko hiyo. Mtume (S.A.W.) alimuamuru Zaid bin Thabit (R.A.) ajifunze maandishi ya Mayahudi, kama alivyopokea Tirmidhi. Na Imam Ahmad amepokea kutoka kwa Ibn Abbas (R.A.) kwamba mateka wa Badr wasiokuwa na fidia walifanyiwa fidia yao iwe kuwafundisha watoto wa Ansari kuandika.

Lakini tuwe waadilifu katika kutumia dalili hizi. Mateka wa Badr walifundisha wakiwa Madina, chini ya mamlaka ya Waislamu, na watoto walilala kwa wazazi wao. Dalili hii inathibitisha kwamba elimu inachukuliwa kutoka kwa asiyekuwa Muislamu. Haithibitishi kwamba mtoto ahamie kwake.

Dalili ya kuhamia ni Uhabeshi. Masahaba walitoka Makka mwaka wa tano wa utume wakaenda katika nchi ya mfalme Mkristo, na Mtume (S.A.W.) ndiye aliyewaelekeza kwa sababu palikuwa na mfalme ambaye kwake hadhulumiwi mtu. Hawakuulizana kwanza dini ya mwenye nchi. Waliangalia uadilifu wake na usalama wa dini yao. Ja'far bin Abi Talib (R.A.) akasimama mbele ya Najashi akaeleza Uislamu bila kuficha kitu. Na katika msafara huo huo, kwa mapokezi ya Ibn Is-haq, Ubaydullah bin Jahsh aliingia Ukristo akafa katika hali hiyo, na mkewe Ummu Habiba (R.A.) akabaki imara. Nchi ilikuwa moja, nyumba ilikuwa moja, na mwisho wa mume na mke ukatofautiana. Anayesema mahali penyewe ndipo panapookoa au kuangamiza ana jambo la kujibu hapa.

Katika madhehebu yetu ya Shafi'i maulamaa wamezungumza juu ya Muislamu anayekaa katika mamlaka isiyokuwa ya Waislamu, na kipimo walichokiweka ni idh-haarud-din, yaani uwezo wa kuidhihirisha dini. Al-Mawardi, katika maneno aliyoyanukuu Ibn Hajar katika Fat-hul Bari, anaona kwamba mwenye uwezo huo kukaa kwake ni bora kuliko kuondoka, kwa kuwa inatarajiwa wengine wataingia katika Uislamu kupitia kwake. Na asiyekuwa na uwezo huo, huku ana njia ya kuondoka, anahusika na onyo lililomo katika Suratun-Nisaa aya ya 97. Hatusemi kwamba chuo ni nchi, wala kwamba Tanzania ni nchi ya vita. Tunachukua sababu ya hukumu, na sababu hiyo inafanya kazi hapa: mwanafunzi anaweza kuswali kwa wakati, kujisitiri, kufunga, kula halali, na kutolazimishwa kushiriki ibada ya wengine, au hawezi?

Ukikichukua kipimo hiki utaona kwamba jina lililo juu ya lango halitoshi kutoa hukumu. Msikiti wa Al-Azhar ulijengwa na Mafatimi kati ya mwaka 970 na 972 kueneza madhehebu yao, na leo maulamaa wa Kisunni duniani kote wanajivunia kusoma hapo. Kinachohukumiwa ni hali ya mwanafunzi ndani ya nyumba, si nani aliyeijenga.

Mkunga wa Muleba

Sasa tulete kipimo hiki katika wilaya ya Muleba. Hospitali ambazo watu wa wilaya hiyo wamezitegemea kwa miaka mingi ni Rubya na Kagondo za Wakatoliki, na Ndolage ya Walutheri. Kwa anayetaka udaktari, chuo cha karibu kikubwa ni kile cha Bugando, Mwanza, ambacho nacho ni cha Kanisa Katoliki. Cha serikali kipo Muhimbili au Dodoma. Muislamu wa Kamachumu aliyepelekwa usiku na mkewe akiwa katika uchungu hakuulizwa dini yake mlangoni, na tunawashukuru waliomhudumia, kwani asiyewashukuru watu hamshukuru Mwenyezi Mungu.

Lakini mama huyo wa Kiislamu ana haki ya kuhudumiwa na mwanamke anayejua mipaka ya sitara yake, anayeweza kumkumbusha shahada kama mauti yamemfika, na anayejua kumwambia lini swala imemwondokea na lini imerudi. Mkunga huyo atatoka wapi? Imam Ghazali katika Ihyaa ameihesabu tiba kuwa fardhi kifaya, kisha akalalamika kwamba miji mingi ya zama zake haikuwa na tabibu isipokuwa kutoka watu wa dhima, huku wanafunzi wakisongamana katika mijadala ya fiqhi ambayo wa kuifanya wapo tele. Imam Nawawi naye ameitaja tiba na hesabu katika fardhi hizo. Na imepokewa kutoka kwa Imam Shafi'i mwenyewe kwamba alisikitishwa na Waislamu kuipuuza tiba, akaiona ni theluthi ya elimu waliyowaachia Mayahudi na Manasara.

Fardhi kifaya ikiachwa na wote, wote wana dhambi. Basi imamu anayemwambia binti wa Muleba aache nafasi ya uuguzi kwa sababu chuo ni cha kanisa, naye hana chuo kingine cha kumwelekeza, ajue kwamba hajaiondoa dhambi katika kijiji. Ameihamisha kutoka kwa binti na kuipeleka kwa mji mzima, yeye imamu akiwa wa kwanza.

Na yule anayemwambia aende tu, elimu haina dini, naye hajamtendea haki. Amempeleka Uhabeshi bila kumpa mfano wa Ja'far.

Masharti ya mgeni

Kutokana na historia na fiqhi tuliyoitaja, tunaona mgeni aingie kwa masharti yafuatayo.

Kwanza, ajue dini yake kabla ya kutoka. Hatusemi awe alim. Awe na elimu ya fardhi aini: itikadi, tohara, swala, saumu, mipaka ya halali na haramu, na aweze kusoma Qur'ani. Kundi la tatu la wazee wa Bukoba lilifaulu kwa hili. Madrasa inayomtoa mtoto akiwa na miaka kumi na mbili kwa sababu ameingia sekondari inamtoa wakati ambapo ndipo angeanza kuelewa. Maimamu wa Bukoba na Muleba waanzishe darsa ya vijana wa kidato cha tano na sita wakati wa likizo, ndio wanaokwenda.

Pili, asome masharti ya chuo kabla ya kutia sahihi. Vyuo vingi vya kanisa nchini vinapokea wanafunzi wa dini zote, lakini taratibu zao hazifanani. Je, ibada ya pamoja ni lazima au hiari? Hijabu inaruhusiwa darasani, na wodini pia? Kuna mahali pa kuswali, au ruhusa ya kutoka siku ya Ijumaa? Jikoni kuna chakula gani? Maswali haya yaulizwe kwa adabu na kwa maandishi. Muislamu anayetia sahihi amefunga mkataba, na Suratul Maida inaanza kwa amri ya kutimiza mikataba. Si uungwana kukubali sharti leo na kulalamikia dhuluma kesho. Kama sharti halivumiliki, atafute chuo kingine, na hapo ndipo kusubiri kunakuwa wajibu.

Tatu, asiende peke yake. Wazazi waulize kama kuna jumuiya ya wanafunzi Waislamu na msikiti wa karibu. Msikiti wa nyumbani umwandikie imamu wa huko barua ya kumtambulisha, jambo ambalo wenzetu wa makanisa wamelizoea nasi tumeliacha.

Nne, yapimwe mahitaji ya fani. Anayetaka ualimu, sheria au biashara, na ana uwezo wa kwenda Morogoro, Tunguu au Mbale, hana sababu ya kuitanguliza nyumba ya ugeni juu ya nyumba yake. Anayetaka fani ambayo vyuo vyetu havina nafasi ya kutosha, huyo ana udhuru, bali ana ujira akinuia kuondoa fardhi kwa wenzake.

Tano, aangalie gharama na njia ya kuilipa. Wengi hutegemea Bodi ya Mikopo ya serikali. Kwa miaka kadhaa mkopo huo ulikuwa na tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani, na vijana wengi wa Kiislamu waliuogopa kwa shubuha ya riba. Tozo hiyo Rais Samia alitangaza kuifuta Mei Mosi mwaka 2021. Aliyekuwa anajizuia kwa sababu hiyo ausome mkataba wa sasa upya kwa msaada wa mwenye elimu, asijizuie kwa fatwa ya jambo lililokwisha ondoka.

Wageni kwetu

Kuna upande wa pili ambao hatuupi haki yake. Nasi sasa tuna nyumba. Chuo cha Mbale kimepokea Wakristo miongoni mwa wanafunzi wake, na Morogoro hali kadhalika. Kijana Mkristo wa Bukoba ambaye Mbale iko upande wa pili wa mpaka wa Mutukula anaweza kujikuta ameketi kati ya Waislamu, akiwa na maswali yale yale: nitalazimishwa? nitavaa nini? Jumapili nitakwenda wapi?

Kila tunalolidai kwa ajili ya binti yetu aliyeko katika chuo cha kanisa, huyu naye analidai kwetu, na sisi tuna sababu zaidi ya kumpa, kwa sababu Suratul Baqara aya ya 256 imekataza kulazimisha katika dini. Kanuni za mavazi na mwenendo zielezwe wazi kabla hajalipa ada. Asidhihakiwe imani yake darasani. Najashi alipata heshima katika historia yetu kwa namna alivyowapokea wageni kabla hajasilimu, na mlinzi wa lango la chuo chetu naye atasimuliwa na mgeni atakaporudi kwao.

Hitimisho

Ndugu zetu Waislamu wa Bukoba na Muleba, milango inaongezeka.  Serikali imeleta mkoani kwetu ujenzi wa kampasi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wa elimu ya juu ulioanza mwaka 2021. Watoto wetu wataingia katika nyumba hiyo na nyingine zitakazokuja. Kukataa hakukuwaokoa wazee wetu, na kuingia mikono mitupu hakukuwaokoa watoto wao.

Kazi iliyo mbele yetu ina sehemu mbili. Ya karibu ni darsa ya likizo, barua ya imamu na maswali kabla ya sahihi, na hiyo inaweza kuanza msikitini Ijumaa ijayo bila kusubiri mfadhili. Ya mbali ni kwamba Waislamu wa Kagera wawe na chuo chao cha uuguzi na ukunga, hata kikianza na darasa moja, ili binti wa Muleba apewe uchaguzi ambao mama yake hakuwa nao. Umoja uliovunjika mwaka 1968 ulivunjikia kwetu. Si vibaya ukaanza kujengwa kwetu.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awahifadhi vijana wetu popote waliko, awape elimu yenye manufaa, awazidishie uthabiti katika dini, na awasamehe wazee wetu waliotangulia kwa imani. Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi. Wabillahi tawfiq.